Kukimbia Baridi ya Ulaya: Joto la Mchana Lisikudanganye

Ukifungua tovuti yoyote inayouza safari mwezi Januari utakutana na namba moja tu: nyuzi 22, nyuzi 24, nyuzi 31. Hiyo ni hali ya saa nane mchana, siku isiyo na wingu wala upepo. Haikuambii usiku utajifunika nini, maji ya bahari yakoje, jua linazama saa ngapi, wala kama upepo utakuacha ukae ufukweni zaidi ya nusu saa. Wengi wanaorudi Stockholm au Birmingham wakinung'unika kwamba hawakupata joto hawakutapeliwa na mtu. Walisoma namba moja mahali palipokuwa na tano za kusoma.

Na kabla ya hizo tano kuna swali linalotangulia: majira ya baridi yanakuchosha kwa kitu gani hasa, baridi au giza? Si kitu kimoja. London, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi kasoro dakika saba. Stockholm huzama kabla ya saa tisa mchana. Mtu aliyekulia Tanga au Bujumbura, ambako Magharibi huingia karibu saa ile ile mwaka mzima, huumizwa na hilo kuliko theluji, ila hulilalamikia kwa jina la baridi kwa sababu koti ndilo linaloonekana.

Anayekimbia giza aangalie vitu viwili: umbali wa mahali kutoka ikweta, na saa inayotumika nchini. Tenerife, kimojawapo cha Visiwa vya Kanari, na Hurghada, mji wa pwani ya Misri, ziko karibu mstari mmoja, digrii 28 na 27 kaskazini, na mwishoni mwa Desemba zote hupata mwanga wa saa kumi na dakika ishirini hivi. Lakini Visiwa vya Kanari vinatumia saa ya London ilhali viko magharibi zaidi, kwa hiyo jua linazama yapata saa kumi na mbili na robo. Hurghada linazama kabla ya saa kumi na moja. Mwenye kulala hadi saa tatu asubuhi akienda Hurghada atakuwa amelipia jua na kulilalia. Anayeamka alfajiri hatapoteza kitu.

Kwa ngozi nyeusi jua hili lina uzito wa kiafya pia. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mionzi ambayo, kaskazini ya digrii 37 hivi, haifiki ya kutosha katikati ya majira ya baridi kwa sababu jua liko chini mno. Na ngozi yenye rangi nyingi inahitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kile kile. Ndiyo maana huduma ya afya ya Uingereza inashauri mikrogramu 10 za vitamini D kila siku wakati wa vuli na baridi, na watu weusi wafikirie kuzimeza mwaka mzima. Kwa kipimo hicho pwani ya kusini ya Ureno, iliyo kwenye digrii 37, haifai kwa shabaha hii mwezi Januari hata kama picha zake zimejaa jua. Kanari, Misri na Ghuba zinafaa. Hata hivyo, wiki moja ya ufukweni haifuti miezi mitano, vidonge viendelee.

Usiku, upepo, maji

Visiwa vya Kanari ndilo chaguo la wengi walioko Ulaya, na sababu ni nzuri: saa nne hadi tano angani, hakuna malaria, na ni ardhi ya Hispania. Januari mchana huwa nyuzi 20 hadi 22, usiku 14 au 15, na bahari 19 au 20. Bahari hiyo hupoa kwa kuchelewa, kwa hiyo Februari na Machi maji ni baridi kuliko Desemba. Aliyezoea maji ya Pwani yetu ataingiza mguu na kuutoa.

Kosa kubwa huko ni kuchagua kisiwa na kusahau upande. Mlima Teide, wenye mita 3,715, unasimama katikati ya Tenerife kama ukuta. Pepo za kaskazini-mashariki zinasukuma mawingu yanayokwama upande wa kaskazini, kwenye miji kama Puerto de la Cruz, ambako ni kijani, kuna unyevu na jua la kuviziana. Kusini, Los Cristianos na Costa Adeje, ni kukavu kama jangwa. Umbali kati ya pande hizo ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, lakini ni kama majira mawili. Gran Canaria ni vivyo hivyo: Las Palmas iliyo kaskazini ina wingu, Maspalomas iliyo kusini ina jua. Lanzarote na Fuerteventura hazina milima mirefu ya kukamata mawingu, kwa hiyo mvua ni haba, ila pia hazina cha kuzuia upepo. Nyumba ikiwa rahisi kuliko zote sokoni, tazama kwenye ramani iko upande gani kabla hujafurahia bei.

Jambo jingine ambalo matangazo hayalitaji: nyumba nyingi za kupanga huko hazina hita, na sakafu ni vigae vitupu. Nyuzi 14 nje si kitu. Nyuzi 16 chumbani, usiku kucha, na mtoto anakohoa, ni kitu. Uliza kama kuna hita na mablanketi ya ziada. Kuna pia siku ambazo vumbi la Sahara hufunika visiwa, Wahispania wanaliita calima. Hewa huwa na joto na anga hugeuka manjano, na mwenye pumu hubaki ndani. Dawa yake ya kuvuta iwe kwenye begi la mkononi.

Pwani ya Misri kwenye Bahari ya Shamu inauzwa kwa bei inayovutia, na kila kitu kimo ndani: chumba, chakula, vinywaji. Mchana wa Januari ni nyuzi 21 au 22 na bahari ni kama 22, yaani maji ni ya moto kuliko ya Kanari. Kinachoharibu ni upepo wa kaskazini, ambao Hurghada huvuma siku nyingi, na usiku unaoshuka hadi nyuzi 10 hadi 12. Unatoka majini umelowa, upepo unakukuta, na ndani ya dakika mbili unatafuta taulo la pili. Sharm el-Sheikh, hasa ghuba ya Naama, imejificha zaidi. Hapo ulizia swali moja kabla ya kulipa: bwawa la kuogelea linapashwa moto? Ukijibiwa kwamba "kuna mabwawa matatu", hujajibiwa. Kwa wazee wanaotaka kutembea na kuona mambo kuliko kuogelea, Luxor na Aswan mwezi Januari ni bora: mchana nyuzi 23 kavu, mahekalu yanatembeleka bila kuzimia, ingawa alfajiri huko kunahitaji sweta la kweli.

Sal, kisiwa cha Cabo Verde, kina nyuzi 24 au 25 mchana na usiku usioshuka sana chini ya 19, bahari 22 hivi. Tofauti ndogo ya usiku na mchana ndiyo sifa yake. Upepo ni mkali Januari hadi Machi. Kaa Santa Maria, upande wa kusini. Hapana mengi zaidi ya ufuko na mchanga, na wiki moja inatosha.

Dubai watu wanaijua. Lisilojulikana sana ni Salalah, kusini mwa Oman, digrii 17 kaskazini. Majira yake yenye sifa, kharifu ya Juni hadi Septemba yenye manyunyu na ukungu, ndiyo Waarabu wa Ghuba wanayoikimbilia kutafuta ubaridi. Wewe unayekimbia baridi unaitaka kinyume chake: Desemba hadi Machi, anga safi, nyuzi 27 mchana, bahari ya kuingilika. Usitegemee milima ya kijani ya kwenye picha, maana wakati huo imekauka. Utakachokuta ni vibanda vya barabarani vinavyouza madafu, ndizi na mapapai, mtu wa Unguja akiona atacheka. Muscat nayo ina watu wengi wenye asili ya Zanzibar, na Kiswahili utakisikia bila kukitafuta. Angalia tu kalenda: miaka hii Ramadhani imo ndani ya majira ya baridi ya Ulaya. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, na 2028 mwishoni mwa Januari, kutegemea kuandama kwa mwezi. Oman kula hadharani mchana ni kosa la kisheria, na Zanzibar mikahawa mingi nje ya mahoteli hufungwa hadi jioni. Kwa anayefunga huo waweza kuwa wakati mzuri kuliko wote. Kwa asiyefunga, na ana watoto wenye njaa njiani, apange mapema.

Pwani yetu, wakati wa kaskazi

Desemba hadi Machi kaskazi inavuma, na ndiyo miezi ya joto kali Pwani: nyuzi 32 au 33 mchana, 25 usiku, bahari 28 au 29. Mvua za vuli huwa zinamalizika Desemba, na masika hazijaanza hadi katikati ya Machi. Januari na Februari ndiyo dirisha lenyewe. Joto lake ni la unyevu, si kama la Misri, na chumba chenye pangaboi tu hakimtoshi mtu aliyetoka kwenye nyuzi hasi kumi juzi. Ulizia kiyoyozi, kisha ulizia jenereta.

Kinachowaharibia wageni likizo Zanzibar ni maji kupwa kuliko mvua. Tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, inakaribia mita nne. Ufukwe wa mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, ni bapa, kwa hiyo maji yakitoka yanatoka kweli, hadi karibu na mwamba, na unabaki na matope, mwani na vinyama vyenye miiba mirefu myeusi vinavyotaka viatu vya mpira. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo, Pwani yetu maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa yapata saa nne asubuhi. Maana yake mgeni anayemaliza kifungua kinywa na kushuka ufukweni hukuta bahari imehama. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50, na wiki moja baadaye ni maji mafu: hujaa asubuhi, hupwa alasiri, lakini tofauti ni ndogo na kuogelea kunawezekana muda mrefu zaidi. Mwenye kalenda ya mwezi anaweza kuchagua wiki yake bila kumuuliza mtu. Asiyetaka hesabu hizo akae Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako ufuko unashuka ghafla na maji yapo saa zote. Jua tu kwamba ni kwenye kelele na bei zaidi. Mashariki kaskazi hupiga usoni. Wanaocheza na tiara za majini huipenda Paje kwa hilo hilo linalomfukuza anayetaka kulala kivulini.

Diani na Watamu, pwani ya Kenya, nazo zina mwamba na maji kupwa, na hesabu ni ile ile.

Hapa inabidi kusema jambo ambalo walioko ughaibuni hawapendi kulisikia. Kwenda nyumbani Desemba ni kwenda nyumbani, na si likizo. Ni masanduku mawili ya kilo 23 ambayo nguo zako ni kilo tano. Ni harusi tatu, hitima moja, na shangazi atakayenuna usipolala kwake. Mchaga anayepanda Moshi kwa Krismasi anajua barabara ilivyo wiki ile na hadai kwamba anapumzika. Safari hiyo ina thamani yake, lakini ipewe bajeti yake na siku zake. Anayetaka vyote viwili aongeze siku nne za mwisho mahali ambako hakuna ndugu, na azilipie kabla hajaondoka Ulaya, maana zikiachwa zipangwe huko huko huliwa na wageni.

Makaratasi na dawa

Usiulize jirani kama nchi fulani inataka viza. Jibu hufuata pasipoti, si mahali unapoishi, na wakati mwingine hufuata vyote viwili. Mkenya mwenye kibali cha makazi cha Ujerumani anaingia Tenerife kwa kibali hicho, siku 90 ndani ya kila siku 180. Mkenya huyo huyo akiwa anaishi Leeds anahitaji viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja: euro 90, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na pasipoti iliyobaki na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla hadi siku 15 kabla, ila tatizo halisi ni miadi ya kuwasilisha fomu. Za Novemba na Desemba huisha mapema, basi azitafute Agosti. Anayeishi Uingereza akumbuke pia kwamba hadhi yake ya uhamiaji sasa iko kwenye mtandao. Akipata pasipoti mpya aiunganishe na akaunti yake kabla ya kusafiri, la sivyo atazuiliwa kaunta ya ndege wakati wa kurudi.

Mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi asiende nchi aliyoikimbia kwa ajili ya jua. Hati yake kwa kawaida haifai huko, na safari hiyo inaweza kufanya hadhi yake ichunguzwe upya. Kwa Wakongo na Warundi walioko Marekani kuna njia nyepesi: Puerto Rico. Ni ardhi ya Marekani, hakuna ukaguzi wa uhamiaji ukitokea bara, Januari ni nyuzi 28 na usiku 22. Kinachotakiwa ni kitambulisho kinachokubalika kwenye ndege za ndani, na tangu Mei 2025 leseni ya kawaida isiyo na alama ya REAL ID haitoshi. Florida ya kusini ni karibu zaidi, ila baridi ya kaskazini huishukia kwa siku mbili tatu bila hodi.

Mtanzania aliyechukua uraia wa nje kwa kawaida huingia kama mgeni, kwa viza. Zanzibar, tangu Oktoba 2024, inamtaka mgeni wa nje anunue bima ya kisiwa, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine. Mifuko ya plastiki ya kubebea iache Ulaya, Kenya iliipiga marufuku 2017 na Tanzania 2019. Cheti cha homa ya manjano kinadaiwa kwa anayetoka au kukaa zaidi ya saa 12 kwenye nchi yenye ugonjwa, kwa hiyo kituo kirefu Addis Ababa au Nairobi kinaweza kukudai cheti ambacho safari ya moja kwa moja isingekudai. Sindano ipigwe angalau siku kumi kabla. Moja inatosha maisha.

Malaria. Kinga aliyoijenga mtu kwa kuumwa utotoni hupungua akikaa nje miaka michache, na watoto waliozaliwa Ulaya hawana kabisa. "Mimi nimekulia Kigoma" si dawa. Kati ya dawa za kinga, atovakwoni-proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea siku saba baada ya kurudi. Doksisaiklini huanzwa vivyo hivyo lakini huendelea wiki nne. Meflokwini ni mara moja kwa wiki, ikianza wiki mbili au tatu kabla na kuendelea wiki nne. Daktari achague, hasa kwa mjamzito na mtoto. Wengi huacha siku wanayotua, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu vijidudu vilivyoingia siku ya mwisho bado havijatoka. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu: hospitali siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza iwe umetoka wapi, maana daktari wa Ulaya katikati ya msimu wa mafua atakuandikia mafua.

Wiki gani, na nyumba uliyoiacha

Siku fupi kuliko zote ni Desemba, lakini baridi na uchovu hukomaa Januari na Februari. Desemba ina taa, sherehe na likizo za shule. Bei za ndege nazo hupanda kuanzia katikati ya mwezi na hushuka baada ya wiki ya kwanza ya Januari. Asiye na mtoto wa shule aende wiki ya mwisho ya Januari. Mwenye siku saba asisafiri zaidi ya saa tano angani. Pwani yetu ipewe wiki mbili, japo saa zake zinatofautiana na za Berlin kwa mbili tu na mwili haupati shida. Ukiwa na ndege ya kuunganisha, tiketi iwe moja. Theluji ikichelewesha ya kwanza, mwenye tiketi moja hupangiwa nyingine, na mwenye mbili hununua upya.

Nyumba usiizime kabisa ili kuokoa gesi. Bomba likiganda hupasuka, na maji hutoka likiyeyuka, wewe ukiwa Nungwi. Acha hita nyuzi 12 hadi 15, funga koki kuu ya maji, fungua bomba la jikoni limwage yaliyobaki. Bima nyingi za nyumba zina kikomo cha siku nyumba inapokaa tupu, 30 ni kawaida Uingereza, kwa hiyo anayekwenda wiki sita awaarifu au aache mtu wa kulala.

Na koti lisiwekwe ndani ya sanduku. Libebe mkononi safari nzima, hata kama Zanzibar litakutia aibu, kwa sababu masanduku hupotea wakati wa kurudi pia, na utatua saa sita usiku nyuzi hasi tano, kandambili mguuni, basi la mwisho limeshaondoka.